Neno Ambalo Daktari Alilipigia Mstari

Tantine Ngoie, dada wa mama yangu, alipofariki mwezi uliopita, nilikabidhiwa kichwa chake. Kwetu ndivyo tunavyogawana kazi ya kuosha maiti: binti aliyelelewa na marehemu anaosha kichwa, wengine wanaanzia mabegani. Tulikuwa wanawake wanne ndani ya chumba chake kule Kenya, nasema mtaa wa Kenya wa hapa hapa Lubumbashi, wala si ile nchi, na madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa vitenge. Nje tulisikia wanaume wakipanga viti vya plastiki na kubishana kuhusu turubai. Marehemu alikuwa amelala hospitalini siku tisa, hawezi hata kuinua mkono. Nilipofungua kitambaa alichozoea kujifunga kuanzia kidevuni hadi shingoni, jua kali ama mvua, akidai koo linamsumbua, vidole vyangu viligusa kitu kigumu nikavirudisha haraka. Zilikuwa ndevu. Si unywele mmoja au miwili ya uzeeni, bali ndevu zenyewe, nyeupe, kutoka sikio hadi sikio. Mdogo wetu aliacha kitambaa chake kizame ndani ya beseni. Mkubwa wetu hakushangaa sana, au alijizuia, akasema kwa sauti ya chini waniletee wembe nimtengeneze mama yangu. Nikamnyoa. Nina miaka arobaini na tisa, nimezika watu wengi, maiti hainitishi. Niliogopa kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi na sita, nikiishi ndani ya nyumba hiyo hiyo, nilipelekwa kuhukumiwa kwa ajili ya ndevu za namna ile ile, zilizokuwa kwenye kidevu changu mimi, na aliyenipeleka ni yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimeingia darasa la nne la sekondari, section Latin-Philo, yaani mkondo wa Kilatini na falsafa, kwenye shule ya wasichana, na Tantine ndiye aliyenipokea kwake. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili. Mimi nililala kwenye chumba kidogo pamoja na gunia la makala, yaani makaa, na debe la unga, na ukuta uliotutenganisha na sebule ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila neno lililosemwa kule lilinifikia hata nisipolitaka. Sebuleni palikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na kile kilicho karibu na mlango kilikuwa cha Tonton Célestin, mume wake. Alikuwa mtu mrefu mwenye mizaha, amefanya kazi kwenye tanuru za shaba hadi kifua kikamchoka. Alikula peke yake, kwenye meza yake fupi, na kazi yangu ilikuwa kumletea maji ya kunawa, kisha bukari, yaani ugali, kisha mboga, kwa mpangilio huo huo kila siku. Bukari lilitakiwa liwe la moto la kuunguza. Mboga mara nyingi ilikuwa lengalenga, ndiyo mchicha, Jumapili sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Alipenda kunisemesha Kilatini cha misa cha utotoni mwake, akikosea makusudi ili nimsahihishe, na akicheka unasikia mapafu yake yakikwaruza. Nilimpenda Tonton. Naliandika hili mapema kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba nilikuwa namla.

Nywele zilianza baada ya sikukuu za mwaka mpya. Kwanza juu ya mdomo, jambo ambalo wasichana wengi wanalo na hakuna anayelisema. Kisha kidevuni, kisha miguuni, nyeusi na nene. Nilikuwa na kioo kidogo chenye ufa, nikisimama nacho karibu na mlango wa nyuma asubuhi, nazing'oa moja moja kwa kucha hadi ngozi inavimba, na baada ya siku mbili zinarudi na kuleta wenzao. Nikajifunza kukaa darasani na kidevu kwenye kiganja kama mtu mwenye mawazo mazito. Siku moja Tonton aliponawa mikono alinitazama vizuri, akacheka, akalitia jina langu uzee, akaniita Papa Umba, akaniambia nikae mezani tule pamoja kama wazee wawili. Ulikuwa utani wa mtu anayenipenda, na mimi mwenyewe nilitabasamu. Tantine hakucheka. Aliinamia sufuria yake, akakaza kile kitambaa shingoni, akaondoka kwenda kuangalia mbabula, lile jiko la makaa, ambayo haikuwa na kitu juu yake. Nimeikumbuka sura ile mara nyingi tangu mazishi. Wakati ule nilidhani ananionea aibu.

Karibu na Pasaka mguu wa Tonton ukaanza kuvimba. Ukavimba wa pili, na pumzi yake ikawa fupi, akawa analala amekaa kwenye kiti chake. Ndipo maneno yakaanza kunifikia. Jumamosi wanawake wa jirani walikuja kusukana nywele kwenye lupango yetu, yaani ule uwanja wa nyumba wenye ukuta wa matofali, na mimi nilikuwa ndani nachambua maharagwe. Walizungumza juu ya mwanamke mmoja wa mji wa Kipushi aliyezika waume watatu. Mmoja akasema yule mwanamke alikuwa na ndevu, anazificha kwa poda. Mwingine, mwenye sauti nzito, akafafanua jambo hilo taratibu, kwa utulivu wa mtu anayefundisha kupika.

"Mwanamuke akianza kuota ndevu, ujue iko anakula bwana wa ile nyumba. Nguvu ya mwanaume njo inatoka mule. Anakauka, anakauka, mpaka anaisha."

Nilisikia chanuo likipita kwenye nywele za mtu. Kisha mmoja akauliza kwa kunong'ona kama yule mtoto wa shule yuko ndani. Maharagwe yaliniponyoka yote sakafuni, na sikuthubutu kuyaokota yasije yakasikika. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa ya aina mbili, na ya pili ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ya kwanza niliogopa watu: nilikuwa nimeona mtaani watoto waliofukuzwa makwao kwa kuitwa balozi, wachawi, wakilala chini ya meza za soko. Ya pili niliogopa kwamba ni kweli. Nilipompelekea Tonton chakula jioni ile nilihesabu pumzi zake, nikajaribu kusimama mbali naye, kwenye kizingiti, nikamsogezea sahani kwa ncha ya vidole. Aliniuliza kama siku hizi ananuka.

Aliyenipeleka kwa daktari alikuwa sista wa shule, mwanamke asiye na maneno mengi, aliyeona vidonda kidevuni mwangu akadhani ni ugonjwa wa ngozi. Akaniandikia kibarua cha kwenda zahanati. Daktari alikuwa kijana, korido imemjaa akina mama na watoto wenye homa, na alinitazama kidevu, mikono, miguu, akaniuliza maswali mawili ya siri ambayo niliyajibu nikitazama dari. Akasema kwa Kifaransa cha haraka kwamba si kitu kibaya. Akaandika neno moja kwenye fishi, kadi yangu ya mgonjwa, akalipigia mstari mara mbili, na wakati ninafunga vifungo akaongeza kwa Kiswahili, "Hii inatokaka mu famille. Uliza ba mama yako." Kisha akaita anayefuata. Nilitoka nje nikasoma: hirsutisme. Kamusi ndogo ya shule haikuwa nalo. Neno lisilokuwa kwenye kamusi, lililopigiwa mistari miwili na daktari, nililibeba mfukoni siku nne kama mtu aliyebeba barua ya hukumu yake. Usiku halikunipa usingizi, na kuhusu kuuliza ndugu wa ukoo, nimwulize nani? Tantine alikuwa na kidevu laini, nilidhani.

Mwishowe nikamwendea mwalimu wetu wa Kilatini, Prof Feruzi. Alikuwa Mwislamu wa familia ya Maniema, babu yake alikuwa fundi wa kushona kanzu, na alipenda kujisifu kwamba Kiarabu alikipata kwa fimbo ya chuo cha Kurani na Kilatini kwa fimbo ya mapadri, kwa hiyo hakuna lugha aliyoipata bure. Nilimdanganya kwamba neno nimelikuta kwenye kitabu. Alinitazama kidevu mara moja tu, haraka, kisha akageukia ubao uliokuwa na vumbi la chaki, akaandika hirsutus. Alisema Warumi walilitumia kwa mbuzi, kwa mwanaume ambaye hajakutana na kinyozi, na kwa mmea wenye miiba laini. Maana yake ni mwenye nywele nyingi ngumu, na ule mkia wake wa mwisho wameuazima kwa Wagiriki ili lionekane la kidaktari. Basi. Halina jambo lingine ndani. Akaongeza kwamba wataalamu wengine wanalifanya ndugu wa horrere, yaani nywele kusimama kwa woga, ambako Wafaransa walipata horreur yao. Akatua chaki. Akasema Kiswahili cha vitabuni kinalo laika, unywele mmoja wa mwilini, neno zuri ambalo hapa Lubumbashi tumelitupa tukabaki kusema manyoya, kana kwamba watu ni kuku. Nilikuwa nimeshika ukingo wa dawati. Nadhani alijua kila kitu, kwa sababu niliposhukuru na kuondoka alisema polepole kwamba mama yake na dada zake wote wawili walikuwa nazo kidevuni, na waliolewa, na waume zao walizeeka. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, nikipita karakana za Kenya na makelele yake yote, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikushika kidevu.

Furaha hiyo ilikaa siku mbili. Tantine alikuwa ananifulia sare, akakuta fishi mfukoni. Hakuniuliza. Alikuwa bado anakwenda misa Jumapili asubuhi, lakini tangu Tonton avimbe alikuwa ameanza kwenda pia, mchana, kwenye chumba cha maombi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ijumaa mchungaji wa chumba hicho alikuja nyumbani, na kupitia mbao zangu nilimsikia akieleza kwamba pepo wagumu hawatoki mpaka waitwe kwa jina, na kazi yote ya ukombozi ni kulitafuta hilo jina, wiki nzima wakati mwingine, kwa kufunga na kukesha. Kisha nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Mchungaji alijaribu kulisoma neno mara tatu hadi likamkaa mdomoni, na sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu aliyepewa zawadi. Alisema hajawahi kuletewa jina likiwa limeandikwa tayari, tena na mganga wa hospitali. Tantine alisema kitu ambacho sikukisikia. Tonton, kutoka kwenye kiti chake, aliwaambia waniache nisome, na akaanza kukohoa.

Jumapili ile mchana chumba kilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Bati lilikuwa linachoma, jenereta inanguruma nje, kipaza sauti kikipiga miluzi. Waliniweka katikati, kwenye kiti bila egemeo, wanawake wawili wameshika mabega yangu. Mchungaji alininyanyua kidevu kwa kidole ili wote waone, na nikasikia benchi la mbele likivuta pumzi. Nilitafuta uso wa Tantine. Alikuwa amekaa safu ya pili, kitambaa kimefungwa hadi chini ya mdomo, jasho linamtiririka. Mchungaji akaanza kuliita lile neno, na watu wakalipokea, mwanzo kwa kusitasita, halafu kwa makofi: Hirsutisme, toka, Hirsutisme, toka. Watu mia moja wakinipigia kelele neno la mbuzi na miiba. Kama ningekuwa mwerevu ningeanguka chini nikagaagaa, wangesema ametoka, tungeenda nyumbani kula. Lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Kilatini, na nilidhani ukweli ukielezwa vizuri unatosha.

"Pasta, ile haina jina ya pepo," nilisema. "Iko neno ya Kilatini. Hirsutus. Maana yake muntu wa nywele mingi, basi."

Kelele zilikatika. Mchungaji alirudi nyuma hatua moja, kisha akawageukia watu, na sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa anaamini, na hilo ndilo lililonitisha.

"Munasikia? Tumeiita, imejibu. Imejibu mu luga yake."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia. Mikono iliyonishika ilikaza hadi kucha zikaingia. Nikakumbuka maneno ya daktari, nikayatupa mbele kama mtu anayetupa kitu chochote alichoshika, kwamba muganga alisema inatokaka mu famille. Ilikuwa kweli, na nilidhani itanisaidia: kama ni ya ukoo, basi si yangu peke yangu. Mchungaji alitafakari. Kisha akamgeukia Tantine, akamwuliza kwa heshima kabisa, "Mama Ngoie, mu famille yenu kuko mwanamuke mwingine iko na hii kintu?"

Watu wote walimtazama. Aliinuka. Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa na kukaa pale, na mimi nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme lolote, bibi, shangazi wa mbali, mtu yeyote aliyekufa zamani. Leo ninajua kwamba mle ndani mlikuwa na mtu aliyeogopa kuliko mimi. Ningejua siku ile, sina hakika kama ningemwonea huruma. Huenda ningemnyooshea kidole.

"Hapana, Pasta," alisema. "Ni huyu peke yake."

Walinifungia kwenye stoo ya nyuma, wakaamua nikae siku tatu bila chakula wala maji. Palikuwa na mifuko ya saruji na spika zilizoharibika, na mwanga ulipita kwenye matundu ya misumari ya bati. Mchana nilisikia vyuma vikichomelewa upande wa pili wa ukuta na mafundi wakitaniana. Sikuwaita. Niliogopa kwamba wakija watauliza nimefanya nini. Kiu iliponizidi nilianza kunyambua vitenzi vya Kilatini, kisha nikaacha, kwa sababu nilijisikia mwenyewe nikitoa sauti zile gizani na nikawaza, je, kama mchungaji anasema kweli? Hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Siku ya pili asubuhi komeo lilifunguliwa, na alikuwa Tantine peke yake. Alimwambia mlinzi kwamba Tonton amezidiwa na anamwita mtoto, jambo ambalo lilikuwa uongo. Hakunitazama njia nzima. Nyumbani alininywesha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha akanipeleka bafuni nyuma ya nyumba, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunga mlango kwa waya. Akatoa wembe mpya na kipande cha sabuni. Alininyoa harakaharaka na kwa wepesi, bila kunikata hata mara moja, akigeuza kichwa changu huku na huku kwa vidole viwili, na nilidhani ujuzi huo ameupata kwa kumnyoa mumewe mgonjwa.

"Vuta ngozi na kidole. Wembe ushuke tu, usipandishe. Kila asubuhi, mbele ya bantu kuamka," alisema. "Na siku utaolewa, bwana yako asijue."

Kwa mchungaji alisema nimekombolewa. Aliponiona Jumapili iliyofuata, kidevu kimeng'aa, alinionyesha kwa watu kama ushahidi, na walishangilia sana. Tonton alifariki mwezi wa nane, asubuhi, nikiwa naandaa maji yake ya kunawa. Watu walikuja matanga na kunikagua kidevu kila mmoja kwa wakati wake, hawakukuta kitu, wakaenda zao. Niliishi wiki zile nikinyoa mara mbili kwa siku. Nilikuwa nimeacha Kilatini. Nilimwambia sista kwamba nataka kuhamia section ya biashara, na Prof Feruzi aliponisimamisha kwenye korido nilitazama viatu vyake hadi akaniacha nipite.

Siku arobaini zilipokwisha na wageni wakaondoka, Tantine na mimi tulikuwa tunakunja mikeka sebuleni. Alikuwa amekonda, nguo nyeusi imemzidi, kitambaa shingoni. Kiti cha Tonton tulikuwa tumekisogeza ukutani. Alikaa juu ya mkeka wa mwisho badala ya kuukunja.

"Umba, si weye njo uliua Tonton," alisema.

Nilishukuru. Nilidhani ananisamehe. Niliendelea kukunja, na yeye akabaki ameketi, akivuta uzi mmoja wa ule mkeka, kisha akauliza bila kuinua macho.

"Ile neno ya muganga. Ulisemaka maana yake nini?"

Nilijua ni mtego. Akilini nilimwona mchungaji nyuma ya mlango, nikaona ile stoo, matundu ya misumari, kiu. Ningetamka hirsutus mara moja tu ningerudishwa kule. Neno lote nilikuwa nalo, mbuzi, mmea wa miiba, dada wa Prof Feruzi na waume zao waliozeeka, lilikuwa pale mdomoni. Aliinua macho, na yalikuwa yananisihi, nami sikujua kusoma hilo.

"Nilisahau, Tantine."

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Akasema haina kintu, akasimama, akakunja ule mkeka. Hakuolewa tena, ingawa wanaume wawili walikuja na wote walikuwa watu wazuri. Aliwafukuza kwa ukali uliotushangaza sote, na mmoja wao alimlilia kweli kweli mlangoni, akimwuliza kosa lake. Alimwambia asije akaisha kama Tonton, aende, aishi.